Mota ya lango shambani Isinya: mbawa mbili au la kuteleza kwenye reli?

Shamba_Isinya:

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Nina shamba la ekari 5 upande wa Isinya, Kaunti ya Kajiado, ambako mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74, anaishi pamoja na kijana mmoja anayechunga ng'ombe. Nyumba iko mita 160 kutoka langoni, na kila gari linapopiga honi, ama mama ajikongoje hadi huko, ama kijana aiache mifugo alikoipeleka upande wa pili wa shamba. Mwezi uliopita nilifika saa tatu usiku mvua ikinyesha, nikakaa nje ya shamba langu mwenyewe kwa karibu nusu saa, kwa kuwa kelele ya mvua juu ya mabati ilikuwa imeimeza honi na simu ya mama ilikuwa imeishiwa chaji. Usiku huo ndipo nilipoamua kwamba lango hili sharti liwe la kufunguka lenyewe. (Nimesema kufunguka kwa makusudi; kujifungua tuwaachie kina mama.)

Lango lililopo ni la mbawa mbili za bati zito la chuma, kila ubawa ukiwa na upana wa mita 2.1 na kimo cha mita 2.1, na linafunguka kuelekea ndani, ambako njia inapanda kidogo. Nguzo ni za mawe ya kuchonga. Udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi hadi mkono unaingia katika nyufa. Kila masika ubawa wa kulia huinama na kuburura chini, na kila kiangazi komeo hukosana na tundu lake. Umeme upo nyumbani, lakini hukatika, na ukikatika huenda usirudi siku hiyo.

Muuzaji mmoja amenishauri ninunue mikono miwili ya mota, mmoja kwa kila ubawa, na ameahidi kuja kuifunga kwa siku moja. Bei amenitumia bila kuja kuliona lango lenyewe, na hilo ndilo lililonitia shaka. Je, niyakubali maneno yake, au nilibadilishe lango liwe la kuteleza? Na umeme niutoe nyumbani au nitumie sola pale pale langoni?

Fundi_Chuma_Kitengela:

Ndugu, shaka yako ina msingi. Kwa lango la bati tupu katika nyanda za Kaputiei, mimi sifungi mikono ya mota hata nikibembelezwa, na sababu ni upepo. Ubawa wako mmoja una eneo la mita za mraba 4.4. Upepo wa kilomita 54 kwa saa, wa aina ile inayotangulia mvua kubwa na kuinua vumbi, unausukuma ubawa huo kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 60 hivi. Sasa tazama mkono wa mota umeshika wapi: sentimita 15 au 20 tu kutoka kwenye bawaba, ilhali upepo unasukuma katikati ya ubawa, zaidi ya mita 1 kutoka kwenye bawaba hiyo hiyo. Kwa hiyo zile kilo 60 zinaufikia mkono zikiwa zimezidishwa mara 5 hadi 7. Gia za ndani hazitavumilia misimu miwili, na kabla hazijavunjika, bodi, yaani ubao wa umeme unaoiongoza mota, itakuwa inadhani upepo ni mtu aliyebanwa, na lango litarudi nyuma kila mara bila kukamilisha safari. Tena umesema njia inapanda kuelekea ndani, maana yake ubawa ulio na mota utasaga chini kabla haujafunguka nusu.

Lango la kuteleza haligombani na upepo kwa namna hiyo. Upepo unalisukuma ubavuni, na roli za juu zinalishika. Zaidi ya hayo, si lazima utupe chuma chako. Mbawa zako mbili zinaweza kuunganishwa kuwa lango moja lenye urefu wa mita 4.4 hivi, likafungwa magurudumu mawili ya chuma yenye mfereji wa herufi V chini yake. Uzito tukadirie: bati la milimita 1.5 lina kilo 11.8 kwa kila mita ya mraba, na kwako kuna mita za mraba zipatazo 9, hivyo bati peke yake ni kama kilo 110. Ukiongeza fremu utafika kilo 200 au zaidi kidogo. Mota iliyoandikwa kilo 500 itakutosha na kubaki na nguvu za akiba.

Lakini mota isikuumize kichwa bado. Kinachoua malango ya kuteleza huku kwetu ni ardhi. Watu humwaga zege jembamba juu ya udongo mweusi, wakalaza reli, na wakaiwekea mota kikalio chake kidogo pembeni; masika yakija, kila kipande kinainuka kwa wakati wake. Meno ya gia ya mota na meno ya ule upau uliofungwa langoni yanapaswa kuachana kwa milimita 1 hadi 2 tu, nafasi ambayo mimi huipima kwa mabamba mawili ya msumeno wa chuma yaliyobanwa pamoja. Udongo ukiinua kikalio cha mota kwa kiasi hicho tu, lango zima linaukalia mhimili wa mota, na huo hukatika. Udongo ukikizamisha, meno yanarukana.

Dawa yake ni kuchimba na kuuondoa udongo mweusi hadi uifikie murramu (ule udongo mgumu wa changarawe) au mwamba, kisha kujaza kwa murramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, na juu yake kumwaga boriti moja ya zege yenye nondo 4 za milimita 12 na ringi za kuzifunga nondo hizo kila baada ya sentimita 20. Boriti hiyo iwe na urefu wa mara mbili ya uwazi wa lango, yaani kama mita 9 kwako, na kikalio cha mota kimwagwe pamoja nayo siku hiyo hiyo, ili kama kuna kuinuka basi viinuke pamoja. Maji ya mvua yapewe njia ya kupita, yasikae kando ya boriti.

Kipimo cha mwisho ni hiki: lango likishasimama juu ya reli, chukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia, ulivute kwa mizani hiyo taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa lango la kilo 200 likivutika kwa kilo 10 au pungufu bila kushtuka popote, liko tayari kwa mota. Likidai 30, rudi kwenye magurudumu na reli. Mota haitibu lango baya.

Naomba pia usisahau vizuizi vya chuma pande zote mbili za safari, vilivyochomelewa na kushikwa na zege, wala si swichi za mota peke yake. Swichi ikikosea, lango lisilo na kizuizi hutoka kwenye roli na kuanguka, na lango la kilo 200 linapomwangukia mtoto hakuna la kufanya tena.

Nyaya_na_Radi:

Mimi ni fundi wa umeme, na nitajibu swali la pili tu. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi mashambani ni la mtu kuweka betri na transfoma nyumbani, kisha akapeleka volti 24 hadi langoni kwa waya mrefu, akidhani ndiyo salama. Tufanye hesabu ya kwako. Mita 160 kwenda na 160 kurudi ni mita 320 za shaba. Waya wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa takriban omu 7.4 kwa kilomita, kwa hiyo safari yako nzima ina omu 2.4. Mota ikianza kulisukuma lango inaweza kuvuta ampia 10, na ampia 10 ndani ya omu 2.4 hupoteza volti 24, yaani umeme wote unaishia njiani na mota haipati kitu. Waya huo huo ukipeleka volti 230 kwa chaja iliyo langoni, ambayo haivuti hata ampia 1, unapoteza volti 2 au pungufu, na hakuna atakayejua.

Kwa hiyo, ikiwa utatoa umeme nyumbani, upeleke volti 230 kwa kebo yenye ngao ya chuma, izikwe kwa kina cha sentimita 60, itandikwe utepe wa onyo juu yake kabla ya kufukia, na nyumbani ipewe swichi yake yenye kinga ya miliampia 30, ile inayokata umeme unapovuja. Mota iwe ya volti 24 inayoendeshwa na betri iliyomo ndani yake, na umeme wa nyumbani uwe na kazi moja tu ya kuichaji betri hiyo. Hivyo umeme ukikatika, lango litaendelea kufanya kazi.

Lipo jambo ambalo kwa Kajiado linanifanya nisite kuipendekeza kebo hiyo, nalo ni radi. Mita 160 za shaba chini ya ardhi ya uwanda ulio wazi hukusanya msukumo wa umeme hata radi ikipiga mbali, na bodi ya mota ndiyo huungua kwanza. Utahitaji kinga ya msukumo ncha zote mbili, nyumbani na langoni, na fimbo ya ardhi iliyopigiliwa pale pale langoni. Ukijumlisha mtaro, kebo, kinga na fundi, huenda sola ikawa nafuu. Mimi mwenyewe kwa umbali unaozidi mita 100 ningechagua sola, ingawa kazi yangu ni kuuza mtaro.

Mama_Ngano_Nanyuki:

Nami nimekuwa na lango la sola kwa miaka minne sasa hapa Nanyuki, hivyo nitaeleza yaliyonikuta, mazuri na mabaya.

Baya la kwanza ni kwamba aliyenifungia alihesabu umeme wa lango linapotembea, akasahau umeme wa lango linapongoja. Kufungua na kufunga huchukua nusu dakika kwa jumla, na mota ya volti 24 ikivuta ampia 6 kwa muda huo hula wati-saa 1.2 tu. Mara 20 kwa siku ni wati-saa 24. Lakini bodi, kipokezi cha rimoti na macho ya usalama (yale yenye mwale unaolizuia lango kufunga ukikatizwa) hukesha saa 24, na vikivuta miliampia 60 tu kwa pamoja, hula wati-saa 35 kwa siku. Kungoja kunakula kuliko kutembea! Nilikuwa na paneli moja ya wati 20 na betri ndogo mbili za ampia-saa 7. Januari kila kitu kilikwenda vizuri. Ilipofika Julai, jua likajificha siku tatu mfululizo, nikawa nalisukuma lango kwa bega kila asubuhi. Sasa nina wati 40 na betri mbili za ampia-saa 18, na sijakwama tena. Betri za asidi zisinyonywe kupita nusu, la sivyo hazifiki mwaka wa pili.

Paneli huku kwenye ikweta inaweza kulala karibu bapa, lakini mimi nimeiinamisha nyuzi 10 hivi ili mvua ioshe vumbi. Iwekwe juu ya mlingoti, mbali na mkono wa mtu, na fremu yake ichomelewe. Mota nayo ivalishwe kizimba cha chuma chenye kufuli, kwa sababu inauzika.

Baya la pili hata fundi hakuliamini hadi alipofungua kifuniko. Lango lilikuwa likifunguka lenyewe saa nane za usiku, mbwa wanabweka, tunatoka na tochi, hatuoni mtu. Ndani ya kisanduku tukamkuta mjusi kafiri amekauka, mkia kwenye waya mmoja na kichwa kwenye mwingine, na chini yake kichuguu kidogo cha sisimizi. Walipitia tundu la bomba la nyaya ambalo halikuzibwa. Tangu hapo kila tundu limejazwa silikoni, na kila baada ya miezi mitatu nafungua kifuniko mwenyewe na kupangusa utando wa buibui kwenye macho ya usalama, maana utando wenye umande huyapofusha na lango hukataa kufunga.

Kuhusu namna ya kufungua, pamoja na rimoti nilifungiwa kifaa cha laini ya simu. Kinatambua namba nilizokisajilia. Nikipiga, kinakata bila kupokea, lango linafunguka, na salio haliguswi. Kwa mgeni aliye langoni nami niko shambani, hiki kinanifaa kuliko rimoti, ambayo ishara yake haifiki mbali. Ila laini hiyo iwekewe salio na itumike mara moja moja, kwa sababu laini isiyotumika hufungwa. Rimoti nazo ziwe za msimbo unaobadilika kila mara, kwani zile za msimbo mmoja hunakiliwa kibandani kwa dakika mbili.

Mfugaji_Monduli:

Shikamoo Mama Ngano, na wengine nawasalimu. Niko ng'ambo ya mpaka, Monduli, lakini udongo na mifugo ni vile vile, hivyo nisamehewe kwa kudandia mada.

Ndugu wa Isinya ana ng'ombe, na hapo sijaona aliyemwonya kuhusu macho ya usalama. Mafundi huyafunga kwa kimo cha sentimita 50, kwa sababu hapo yanakutana na bampa la gari. Ng'ombe akisimama katikati ya lango, mwale wa sentimita 50 unapita chini ya tumbo lake, kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, na mota inaona njia nyeupe. Nilimwona kwa macho yangu mtamba wangu akipigwa ubavuni na lango, akaruka, akalipinda. Sasa nina jozi mbili za macho, moja kwa sentimita 40 kwa ajili ya mbuzi na watoto, nyingine kwa mita 1 kwa ajili ya ng'ombe. Nguvu ya mota nayo irekebishwe hadi uweze kulizuia lango kwa kiganja likageuka na kurudi.

Pia naomba kutofautiana na mafundi wengi wanaowasha kufunga kwenyewe baada ya sekunde 30. Palipo na mifugo na mzee anayetembea polepole, mimi ningezima kabisa, lango lifungwe na mtu aliyelitazama.

Nyaya_na_Radi:

Ndugu wa Monduli, la macho mawili nakuunga mkono, lakini la kuzima sikubaliani nawe. Lango lililosahauliwa wazi usiku mmoja linatosha kupoteza kundi zima. Lipewe sekunde 90 badala ya 30, na taa ya kumulika ianze sekunde 5 kabla halijasogea. Hapo usalama wa mzee na wa zizi vyote vimeangaliwa.

Mfugaji_Monduli:

Sekunde 90 hazimtoshi mzee mwenye mkongojo na ndama aliyegoma katikati ya njia. Tukubaliane kutokukubaliana, mwenye lango ataamua.

Shamba_Isinya:

Nawashukuru sana. Jumamosi nilienda na futi na ile mizani ya ndoano. Upande wa kushoto kuna mita 5.6 hadi kwenye tangi la maji, na upande wa kulia ni ua wa kayaba ambao mama hataki ukatwe, hivyo lango litateleza kwenda kushoto. Nilifikiria pia lile lango la kuning'inia lisilokanyaga ardhi, lakini nimeelezwa kwamba linahitaji urefu wa karibu mara moja na nusu ya uwazi, yaani zaidi ya mita 6, na tangi silihamishi. Nilichimba shimo la majaribio kando ya nguzo, na murramu nimeikuta kwa mita 1 na sentimita 10. Ubawa wa kulia, nilipoufunga mizani nchani, ulinidai kilo 19 kuusogeza tu kutoka ulipozama. Yule muuzaji nimemjibu kwamba nitamtafuta baadaye.

Mpango wangu ni kuunganisha mbawa na kumwaga boriti sasa kabla ya mvua, kisha tulisukume lango kwa mkono masika yote, nione kama boriti inatulia. Mota ya volti 24 na sola vitafuata mvua zikiisha. Kufunga kwenyewe nitakuzima mama akiwepo, na nitampa rimoti yenye kitufe kimoja tu.

Mama mwenyewe ametoa hoja moja ambayo hatukuigusa. Anasema hataki lango zima la mita 4 lifunguliwe kwa ajili ya jirani aliyekuja kuomba chumvi. Anataka kile kimlango kidogo cha miguu kilichomo ndani ya ubawa wa kushoto kibaki. Fundi, kinawezekana katika lango la kuteleza?

Fundi_Chuma_Kitengela:

Kinawezekana, lakini usikiache ndani ya lango. Mota ikianza kutembea kimlango kikiwa wazi, kitagonga nguzo au kitamkata mtu anayepita, na hata ukikiwekea swichi ya kuizuia mota, siku moja waya wake utakatika. Kitoe, tundu lake lizibwe kwa bati, nawe ukijenge ukutani upande wa ua wa kayaba, nje kabisa ya safari ya lango, kwa upana wa sentimita 90 ili toroli lipite. Na hapo hapo kando yake, kwa ndani, pachimbiwe kisanduku cha chuma chenye kufuli, kiwekwe ufunguo wa kuiachia mota ili lango lisukumwe kwa mkono siku betri ikifa. Watu wengi huuweka ufunguo huo nyumbani, halafu betri inakufa wao wakiwa nje. Wewe ukishikwa usiku tena, mama au kijana asipoitika, utaingia kwa kimlango, utatoa ufunguo, na utalisukuma mwenyewe.

Masika yakiisha nipigie mizani tena uniambie inasoma ngapi.